Nyumba Iliyokolea Chumvi

Mwaka 2021 nilinunua nyumba Kigamboni, karibu kabisa na bahari. Dalali alikuwa na mtindo mmoja: kila akitaka kunitoa wasiwasi anaupiga ngumi ukuta wa sebuleni, pa! "Bosi, hili zege. Utazikwa uiache." Rangi ilikuwa bado inanuka. Sikujiuliza kwa nini ngumi zote zinaishia kwenye ukuta huohuo mmoja.

Aliyeniuzia alipohamisha kabati lake, tukakuta nyuma yake ufa. Mwanangu wa darasa la pili akaupenyeza rula yote. Simu ya dalali ikawa haipatikani.

Wiki ya tatu kuta zikaanza kutoa unga mweupe. Mama watoto anapangusa, kesho yake umerudi. Halafu wakaja mbuzi wa jirani. Asubuhi na mapema wamejipanga kama foleni ya pantoni, wanalamba nyumba yangu! Nikaita fundi. Mzee yule hakutoa futi wala timazi. Alipitisha kidole ukutani, akaramba, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Hii imeungwa, bosi, tena imekolea. Mchanga wa ufukweni huu."

Nikamwona mjuaji. Nikapiga rangi nyingine. Mbuzi wakasusa siku mbili.

Jumapili moja akaja baba mkwe. Nikamkaribisha barazani, wali na samaki wa kupaka. Hajamega tonge la pili, kipande cha zege saizi ya sahani kikachomoka kwenye slabu juu, kikatua katikati ya bakuli. Kanzu yote mchuzi wa nazi. Mzee akatazama juu taratibu, akanitazama mimi.

"Mkwe, ndiyo hii uliyosema nihamie uzeeni?"

Fundi akarudi, safari hii na nyundo na tindo. Nondo za milimita 12 zimebaki kama spoku za baiskeli, zinabanduka magamba. Kumbe chumvi inaila nondo, kutu inavimba, na ikikosa pa kwenda inalisukuma zege nje. Plasta juu yake, akasema, ni kumpaka maiti poda. Inabidi kubangua zege bovu mpaka kufikia lililo zima, kukata nondo zilizoliwa, kufunga mpya, kumwaga upya na kumwagilia siku 7. Kwa maji ya bomba, maana kisima changu nacho, nilipokionja, ni bahari ndogo.

Sasa baraza limesimikwa mirunda 11. Mgeni akija anapenya kama kaa kwenye mikoko.

Jana lori la mchanga limefika. Kabla halijamwaga nikapanda nyuma, nikachota, nikaramba. Nikahamia kona ya pili, nikaramba tena. Dereva akanikodolea macho, kisha akamgeukia mama watoto kwa sauti ya chini:

"Shemeji, kwani mimba humu ndani ni ya nani?"