Ile video ya gereji: sikieni na upande wangu

Najua mmeshaiona. Mwenzangu wa gereji aliirusha kwenye statusi hata oli haijanitoka mikononi, na sasa Kenya nzima inanicheka (Kenya komine yetu ya hapa Lubumbashi, ndugu wa Nairobi msishtuke). Lakini video inaanzia pale patroni, bosi wetu wa gereji, anaposhika kichwa. Yaliyotangulia hayamo, na ndiyo yenye utamu.

Buji za sokoni, zile plagi za kutoa cheche ndani ya injini, zimetuchosha. Boksi lina jina kubwa, ndani ni takataka. Zikague kabla hujalipa: ncha ya katikati imekaa upande, rondeli, ile pete ya chuma, inacheza hadi inachomoka, na maandishi ya kwenye kaure ukiyasugua kwa kitambaa chenye petroli yanafutika. Ukizifunga hivyo hivyo, gari linatetemeka likisimama, linakunywa petroli, halafu silinda moja inalala kabisa. Ndipo patroni akaamua mtu avuke mpaka wa Kasumbalesa akalete za kweli kutoka Zambia: buji 20, za magari matano ya mama mmoja wa teksi, yote ya silinda 4. Nani anajua Kiingereza? Mkono wangu ulikuwa juu hata swali halijaisha.

Njiani, kilomita 90 hivi mpaka mpakani, nilifanya mazoezi. Na mnipe haki yangu, mtego wa kwanza niliukwepa. Kwa Kifaransa buji ya gari na mshumaa ni jina moja, bougie, lililotoka kwa mji wa Bejaia kule Algeria, ulikokuwa unatoka nta. Ukiiuliza simu itakupa candle, na utarudi nyumbani na mishumaa. Mimi si mtoto, nilijua ni plug. Nisichojua ni kwamba Mwingereza aliazima neno hilo kwa Waholanzi likiwa na maana ya kizibo, na tangu hapo kila kinachoziba au kuingia tunduni anakiita plug: kizibo cha beseni, cha kumwagia oli chini ya injini, cha masikio, fishi ya umeme ya pasi, hata ile buji ya kupasha dizeli joto. Anayetaka buji ya petroli lazima aseme spark plug. Spark! Silabi moja tu ndiyo iliyonimaliza.

Duka lilikuwa la vifaa vya kila aina, kuanzia misumari mpaka mabetri. Kaunta kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani.

"Good morning, madam. I want plug."

"What size?"

Swali zuri sana. Uzi wa buji za magari yale una kipenyo cha milimita 14, hilo hata usingizini nalijibu. "Fourteen!"

"Wall?"

Masikio yangu yakaleta "all." Nikaona anataka kujua kama nachukua zote za 14. "Yes, madam. All! All!"

Akapandisha nyusi, akakomba rafu nzima ndani ya katoni, akaifunga kwa skochi. Kisha akataja bei, na bei ilikuwa ndogo mno. Mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilijipongeza kwa kujua kununua, na salio la patroni nikalila samaki na nshima, ambayo ni bukari yetu tu, yaani ugali.

Wall plug, wapendwa, ni sheviye. Kile kijiti cha nailoni cha kuzamisha ukutani kabla ya kufunga visi (skrubu).

Sasa twende polepole. Mama wa teksi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Boneti iko juu, buji za zamani zimetolewa, na patroni amefunika matundu kwa vitambaa safi, maana chembe moja ya mchanga ikiingia inachuna silinda. Naweka katoni juu ya bawa la gari. Nakata skochi kwa mbwembwe, na mwenzangu keshatoa simu arekodi ushindi wetu. Nafungua. Kijivu. Nailoni tupu. Nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, labda hizi za juu ni za kuzuia kaure zisivunjike. Chini ni zile zile.

"Mwana," mama anauliza, "hii njo buji?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu: "Ni modeli mpya, mama."

Apranti wetu, mwanafunzi wa gereji, akaniamini. Kabla patroni hajageuka, mtoto alishaondoa kitambaa cha silinda ya tatu, akatumbukiza sheviye moja, akaisukuma kwa bisibisi. Tundu la buji kwenye injini ile limezama kuliko urefu wa kidole, lakini 14 na 14 zikakutana: ncha iliyopasuliwa ikajibana, ikaingia kwenye uzi, ikakaa.

Patroni akasema hakuna shida, tutaivuta kama kizibo cha chupa ya mvinyo. Akachukua visi ndefu ya milimita 10, akaanza kuifunga ndani yake. Mnaojua kazi ya sheviye mmeshaanza kucheka. Visi ikiingia, nailoni inatanuka na kuuma, hicho ndicho ilichotengenezewa. Alipozungusha, ikauma. Akazungusha tena, ikauma zaidi. Akashika kichwa cha visi kwa koleo akavuta kwa mwili mzima, gari likainuka kwenye resori (springi) zake, sheviye haikusogea. Ungeweza kutundika kabati kwenye ile injini.

"Miye nilikutumaka buji," akaniambia taratibu. "Weye unaniletea ukuta?"

Kushika kichwa kunafuata hapo, mmeona wenyewe.

Yaliyobaki ni machache. Visi ilifunguliwa, nailoni ikalegea, koleo jembamba likaitoa nzima. Ingekatika kipande kikaanguka ndani, sumaku haivuti nailoni, tungefungua kulasi, yaani kichwa cha injini. Buji tulinunua mjini kwa bei ya kuumiza, na nitakatwa mshahara. Nilirudi dukani kuzirudisha, madam akakataa kwa sababu skochi imekatwa. Nikiwa bado natafuta Kiingereza cha kumbembeleza, bibi yangu akapiga simu, nami nikapokea kwa Kibemba. Madam akavua miwani. Akaniuliza, kwa Kibemba kitamu kuliko cha bibi, kwa nini sikuongea hivyo tangu mwanzo.

Basi, katoni ninayo. Mwenye ukuta wa tofali za kuchoma aje inbox, bei tutaelewana. Toboa kwa meshi (keekee) ya 14, puliza vumbi lote litoke, ndipo uigonge sheviye mpaka ilingane na ukuta, visi iwe ya 10. Wa bloki zenye uwazi ndani msije. Itazunguka bure humo mtakuja kunidai, na hela sina.