Dhoruba, mjamzito na ubongo wa mtoto: lawama imwendee nani?

Januari 1998, mvua ya kuganda ilinyesha siku kadhaa mfululizo kusini mwa Quebec, Kanada. Barafu ikazilemea nyaya, minara ya umeme ikapinda na kuanguka, na watu zaidi ya milioni 3 wakabaki gizani katikati ya majira ya baridi. Kuna waliorudishiwa umeme baada ya saa chache, wengine wakakaa zaidi ya wiki 5. Mtafiti Suzanne King wa Montreal akaona nafasi adimu. Hakuna maabara inayoruhusiwa kuwagawia wajawazito mateso, lakini dhoruba iliwagawia, tena bila kuuliza nani ni mwoga kwa asili.

King aliwauliza akina mama mambo mawili mbalimbali: yaliyowapata (siku bila umeme, kuhama nyumba, hasara) na jinsi walivyoumia moyoni. Watoto walipopimwa wakiwa na miaka 2, na tena walipofika 5 na nusu, wale ambao mama zao walikumbwa na shida kubwa zaidi walikuwa nyuma kidogo kiakili na kilugha. Shida yenyewe ndiyo iliyobashiri tofauti hiyo, kuliko hofu ya mama. Hata alama za kikemikali zinazojibandika kwenye vinasaba, zilizochunguzwa kwa watoto 36 walipofika miaka 13, zilifuatana na ukubwa wa shida, si na majonzi. Na sisi huku mjamzito tunamwambia nini, kuanzia kliniki hadi ukweni? "Acha mawazo."

Maelezo yaliyozoeleka ni ya homoni. Mtu akipata msongo, mwili humwaga kortisoli, homoni ya msongo. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto, lakini si yote, na ubongo unaokua una vipokezi vya homoni hiyo, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hasa kwenye sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hofu. Yanaingia akilini. Ila kama hofu ndiyo mzizi, mbona haikubashiri zaidi? Huenda baridi, mlo wa kubahatisha na usingizi wa mang'amung'amu kwenye nyumba za watu vina sehemu yake.

Wenye shaka nao wana hoja, na si ndogo. Wanawake 224 tu ndio waliojibu dodoso la kwanza la King, na wengi walikuwa na elimu na kipato kizuri. Kuna pia suala la kurithi. Mwaka 2010, Frances Rice na wenzake nchini Uingereza walichunguza watoto waliotungwa maabara, baadhi kwa mayai ya wafadhili, yaani mama aliyebeba mimba hana undugu wa damu na mtoto. Uhusiano kati ya msongo wa ujauzito na tatizo la kutotulia ulionekana pale tu mama na mtoto walipochangia vinasaba. Hapo mkosaji ni urithi. Lakini uzito mdogo wa kuzaliwa na tabia za ukorofi vilihusiana na msongo hata pasipo undugu. Utafiti uleule, basi, unazipa pande zote mbili silaha. Naye Janet DiPietro wa Marekani alionyesha mwaka 2006 kwamba kwa wanawake wenye afya njema, msongo wa kawaida uliendana na watoto waliotangulia kidogo kimakuzi wakiwa na miaka 2.

Kwa maoni yangu, ushahidi huu unatosha kuwadai wanaosimamia maafa wamtangulize mjamzito kwenye foleni ya chakula, maji na mahali pakavu pa kulala. Hautoshi kumnyooshea mama kidole kwa sababu mwanawe amechelewa kusema.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, uliwahusu akina mama 25 na vichanga wao. Msongo mzito, hasa wa vita, uliendana na uzito mdogo wa kuzaliwa na mabadiliko ya zile alama za kikemikali kwenye kinasaba cha kipokezi cha kortisoli. Watu 25 ni wachache mno kutenganisha njaa na hofu. Ila mama anayekimbia risasi huwa navyo vyote viwili, na kinachoweza kupunguzwa haraka ni njaa.