Saskatchewan: Nyasi Zilizobaki Zilimwe au Ziachwe?

Saskatchewan, jimbo la Kanada lililotangazwa rasmi tarehe 1 Septemba 1905, lilijipatia jina duniani kwa ngano. Ngano hiyo ilipandwa juu ya nyika ya nyasi za asili iliyotanda kusini mwa jimbo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nyika hiyo imekwisha kulimwa, mjadala uliopo sasa unahusu kipande kilichosalia: je, nacho kigeuzwe mashamba, au kiachiwe mifugo, wanyamapori na wageni wanaokuja kukitazama?

Wanaotetea kilimo wana hoja nzito, na si haki kuwasema kana kwamba plau haikuleta chochote ila uharibifu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1872, iliyompa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, pamoja na reli ya Canadian Pacific iliyokamilika mwaka 1885, ziliwavuta watu kutoka Ukraine, Ujerumani, Skandinavia na Uingereza, hata kufikia mwaka 1931 Saskatchewan ikawa ya tatu kwa wingi wa watu katika Kanada nzima. Wakulima hao walianzisha ushirika wao wa kuuza ngano, na moyo huohuo wa kushirikiana ulikiweka madarakani jimboni chama cha mrengo wa kushoto kilichoongozwa na Tommy Douglas mwaka 1944. Mwaka 1962, licha ya mgomo wa madaktari, serikali ya chama hicho ilianzisha bima ya afya ya umma ambayo baadaye ilienea nchi nzima. Jamii iliyojengwa na wakulima iliwapa Wakanada wote mojawapo ya mambo wanayojivunia zaidi.

Hata hivyo, hoja kwamba kulima zaidi ni kujihakikishia usalama wa kiuchumi hainishawishi. Jimbo hili huuza nje potashi ya kutengenezea mbolea, urani, mafuta, kanola (mbegu za kukamulia mafuta) na adesi (za jamii ya kunde), vingi vikienda vikiwa ghafi, na bei zake huamuliwa mbali. Mwaka 2017 India iliwekea kikomo uagizaji wa mbaazi, wakulima wa Tanzania wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoza adesi ushuru wa asilimia 30, na pigo likawafikia wakulima wa Saskatchewan. Ekari za ziada zisingemwokoa yeyote kati yao.

Upande wa pili unaanzia kwenye historia ambayo simulizi la walowezi huipita haraka. Kabla ya ngano, nyika hii ilikuwa ya baisani, mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe aliyewapa Wakrii, wenyeji wa asili wa nyika, na majirani zao chakula, mavazi na makazi. Makundi yake yalipomalizwa kwa bunduki, wenyeji hao, waliokuwa wametia saini na serikali mikataba ya ardhi, yaani Mkataba wa Nne wa mwaka 1874 na wa Sita wa mwaka 1876, walikumbwa na njaa. Mwaka 1885 Wametisi, watu wenye asili ya wenyeji na ya Wazungu, wakiongozwa na Louis Riel na Gabriel Dumont, walishindwa vitani huko Batoche, na Riel akanyongwa mjini Regina. Nusu karne baadaye ukame ulipeperusha udongo wa mashamba, na mwaka 1935 serikali kuu ikalazimika kuunda chombo cha kurudishia nyasi ardhi ambayo haikustahili kulimwa kamwe. Malisho ya jamii yaliyotokana na kazi hiyo ndiyo yaliyozua mabishano upya mwaka 2012, serikali hiyo ilipotangaza kwamba inajitoa katika kuyasimamia.

Utalii unaweza kuyalipia? Vivutio vipo, tena vya kweli. Katika Hifadhi ya Taifa ya Grasslands baisani walirudishwa mwaka 2005. Huko Wanuskewin, karibu na Saskatoon, ambako watu wamekusanyika kwa zaidi ya miaka 6,000, kundi lililorejeshwa mwaka 2019 lilikuwa likigaagaa vumbini mwaka uliofuata likafukua mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Mtu yeyote anayejali historia angesafiri kuyaona. Lakini Grasslands iko mbali na miji, majira ya baridi ni marefu, na anayeahidi kwamba watalii wataleta mapato kama ya potashi anawadanganya wanavijiji.

Kwa maoni yangu, nyasi zilizobaki ziachwe, na mzigo wa kuzilinda usimwangukie mfugaji peke yake. Ng'ombe wanaolishwa kwa kiasi huishi vizuri na nyika, kwa hiyo mfugaji apewe mkataba mrefu wa kukodi malisho, wenye sharti la kutolima, na alipwe kwa ndege na wanyama anaowahifadhi. Pale ardhi ya umma inapouzwa, Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili kama Wakrii, yapewe nafasi ya mwanzo, kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1992 yalitambua kwamba mengi kati yao hayakuwahi kupata ardhi yote waliyoahidiwa katika mikataba, na yakayapa fedha za kuinunua.