Kiburi kingine ni arosto tu

Mwanafunzi wa sekondari akikamatwa na vepu (sigara ya kielektroniki) hapa Mtwara, adhabu yake inajulikana kabla hajafungua mdomo: anachapwa, mzazi anaitwa. Siku mbili baadaye anamjibu mwalimu ovyo, usiku halali, anagombana na wadogo zake kwa jambo dogo. Watu wanasema kiburi kimemzidi, anaongezewa viboko. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kiburi hicho ni arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea nikotini ukiikosa, na kumchapa mtu mwenye arosto hakumtibu.

Wazazi wengi hudhani kile kifaa kinatoa mvuke wa pipi. Ndani yake kuna betri, koili na pamba iliyolowa kimiminika chenye ladha ya embe au mnanaa, na mara nyingi nikotini. Soma boksi: 5% ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Nyingi huchanganywa na asidi ya benzoiki ili zisiwashe koo, kwa hiyo mtoto ambaye sigara ingemkohoza mpaka aitupe, hii anaivuta bila shida. Halafu sigara ikifika kwenye kichungi imeisha. Vepu haina kituo. (Ukiipata, usiitupie kwenye moto wa takataka. Betri ya lithiamu hulipuka.)

Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi, na kila baada ya saa 2 nusu yake inakuwa imetoka kwenye damu. Sasa piga hesabu ya siku ya shule. Kijana amevuta saa 12 asubuhi njiani. Kufikia mapumziko ya saa 4 imebaki robo. Miguu haitulii, ubao haumwingii akilini, anaomba ruhusa ya chooni. Anarudi ametulia. Yeye anaamini vepu imemtoa mawazo, kumbe imemlipia deni ililomkopesha yenyewe asubuhi.

Lakini mawazo mengine yalikuwepo kabla. Novemba ni mtihani wa kidato cha nne, na ni msimu wa korosho pia: wazazi wako shambani au wanafuatilia mnada, nyumbani kabaki bibi, na hela ya mfukoni imeongezeka. Swali la "nani kakupa?" huzaa uongo tu. Muulize: "Kabla hujaanza, ulikuwa unalala vizuri?" Kama baba ni mkali, mwachieni mjomba aulize; kwenye familia nyingi za huku kusini anasikilizwa.

Muulizeni pia huvuta ya kwanza saa ngapi. Akivuta ndani ya dakika 30 tangu aamke, uraibu umeshika, msitegemee aache kwa kuapishwa. Chagueni tarehe isiyogusa mitihani. Likizo ya Desemba inafaa. Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, kisha hali hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe huja kwa mawimbi ya dakika 5 hadi 10, basi kila wimbi lipewe kazi: maji baridi, kipande cha muwa cha kutafuna, kutembea haraka. Shule ikiwa imefunguliwa, mwalimu wa ushauri nasaha ajulishwe ili amruhusu atoke kidogo.

Mambo huharibika zaidi siku ya tatu. Mama anachoka na maneno ya mtoto, anamwambia "bora uvute", au rafiki anampa sigara ya kupoza, naye anahamia huko. Akiteleza mara moja msivunje mpango. Ulizeni alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, mzibe tundu hilo.

Wiki 4 zikipita bado amejitenga, hali chakula vizuri, hacheki na wenzake, hiyo huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na inahitaji daktari: hospitali ya Ligula kwa walioko Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Akitamka habari za kutaka kufa, msisubiri wiki 4. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mpaka mfike asiachwe peke yake.