Supu ya Mwani kwa Uso na Mwili

Kijana mmoja wa kijiji cha mashariki ya Unguja alikuwa na kanuni yake ya Kihispania: chukua neno la Kiingereza, litie o au a mwishoni, kazi kwisha. Shangazi yake ndiye Bi Mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Alipoona Wahispania wanazidi dukani, akampa kijana kazi ya kuandika lebo. Mimi natembeza wageni hao hao, na siku hiyo niliingia na kundi langu sina hili wala lile.

Kanuni yenyewe si ya kutupwa. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na -tion karibu yote huishia na -ción, kama nation na nación. Yenye -ty mengi huchukua -dad, ndipo university ikawa universidad. Hayo ni maneno ya Kilatini yaliyoingia lugha zote mbili kwa mlango wa vitabuni. Balaa iko kwenye maneno mafupi ya jikoni na uani, ambako Kiingereza kina ukoo wake na Kihispania kina wake. Na dukani kwa Bi Mkubwa hapakuwa na universidad hata moja.

Rafu ya kwanza ilikuwa ya sabuni. Kijana kaona soap, katia a, kapata sopa. Sopa ni supu. Kwa hiyo lebo ilisema "Supu ya mwani", na chini yake vikafuatana viungo: mwani wa kusaga, mafuta ya nazi, soda kali. Mstari wa mwisho, ambao simu ilimsaidia akaupatia barabara, ulisema: kwa uso na mwili.

Bwana mmoja wa Sevilla aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa adabu zote inachemshwa dakika ngapi.

Nikamweleza kwamba soda hiyo ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na kwamba ikipimwa sawasawa na vipande vikaachwa rafuni wiki nne hadi sita, haibaki. Akashukuru, lakini nilimwona anakirudisha kipande mahali pake kwa ncha za vidole.

Wakati huo mkewe yuko kwenye kamba za usumba. Rope, ukiitia a, inatoka ropa, na ropa ni nguo. Juu ya mafungu ya kamba pameandikwa "Nguo za nazi". Mama wa watu kajipima fungu kifuani, kageuka kwenye kioo, kauliza kama ipo saizi kubwa zaidi. Kamba kwa Kihispania ni cuerda, wala haina hata herufi za kumdanganya mtu.

Sisemi habari ya embarazada. Hilo kila mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa kwamba ni mja mzito, wala si mtu aliyeona haya, embarrassed ya Kiingereza. Ninalosema ni preservativo, kwa sababu hapo neno ni refu, ni la Kilatini kabisa, kanuni imefuatwa, na bado maji yakazidi unga. Chupa zote za achari ya embe zilibandikwa "sin preservativos". Preservative ya Kiingereza, dawa ya kuzuia chakula kisioze, kwa Kihispania huitwa conservante. Preservativo ni kondomu.

Kundi zima likaangua kicheko. Bi Mkubwa akasogea.

"Mwanangu, hao wanacheka nini kwenye achari yangu?"

"Bi Mkubwa, pameandikwa... kwamba achari haina kinga."

"Kinga gani?"

"Ile ya... ya uzazi wa mpango."

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi.

"Kwani zipo achari zenye nayo?"

Nilishindwa kujibu. Wahispania wakataka niwatafsirie alichosema, nikawatafsiria, na hapo mmoja akalazimika kukaa chini kwenye busati.

Baada ya chai tukakaa na kijana, kalamu na karatasi za kubandika. Nikaanza na sabuni. Nikamwambia angeliacha Kiingereza akaanza na Kiswahili chake, angekuwa karibu zaidi. Sabuni ni jabón, j yake ikitoka kooni kama kh ya kheri. Sisi tulilipata kwa Waarabu, na Waarabu nao asili walilitoa kwenye Kilatini, huko huko kilikozaliwa Kihispania. Hata soap ni wa ukoo huo. Sopa hahusiki kabisa. Na dukani mle ndugu hawakuwa haba: sukari na azúcar, zafarani na azafrán, limau na limón. Kijana akaanza kufurahi. Akaandika jabón kwenye vibandiko vyote kwa mwandiko mzuri, bila kusahau ile alama juu ya o.

Tukafika kwenye sabuni ya karafuu. Nikamwambia andika clavo. Akachungulia simu yake.

"Kaka, hapa wanasema ni msumari."

"Ni msumari, na ni karafuu pia. Itazame, si ina kichwa na mguu? Hata clove ya Kiingereza imetoka kwenye msumari wa Kilatini. Ukiogopa, ongeza de olor, msumari wa harufu."

"Mie siwezi kumwandikia mgeni sabuni ina misumari. Leo kashakula soda kali."

Hilo ndilo tatizo la kuuliza simu neno moja moja: inakupa maana ya kwanza iliyo mkononi. Tukaandika sentensi nzima, sabuni ya karafuu na mafuta ya nazi, na simu yenyewe ikatoa clavo bila ubishi. Akakubali, japo kwa shingo upande.

Likabaki bango la mlangoni la bei ya punguzo. Akaniuliza discount inaitwaje.

"Descuento."

Akaweka kalamu chini.

"Hapana, kaka. Hilo linafanana mno."