Sanamu inataka kuzungukwa, tuachieni pa kusimama

Ukiuliza njia pale Posta, Dar es Salaam, utaambiwa nenda mpaka kwenye sanamu ya Askari halafu kata kulia, au kata kushoto, na hapo ndo uhusiano wetu na ile sanamu unapoishia. Tunaitumia kujua tumefika wapi lakini hatuiangalii. Watu wanasema aah Wabongo hatuna utamaduni wa sanaa, mi sikubaliani kabisa. Naona shida kubwa ni kwamba hakuna pa kusimama. Imewekwa kwenye kiplefti pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, magari yanaizunguka kutwa nzima, sisi tuko pembeni tunawahi daladala, sasa nani atavuka akaitazame?

Na sanamu bila kuizunguka hujaiona. Picha ya kuchora unasimama mbele yake unaimaliza hapohapo, ila sanamu ina mgongo, ina ubavu, ina kivuli kinachohama kadiri jua linavyohama, yaani kila hatua unayopiga unaona kitu ambacho hatua ya nyuma ilikuficha.

Hebu chukulia huyo Askari mwenyewe. Ukimtazama kwa mbele unaona tu mwanajeshi na bunduki. Sogea ubavuni ndo unaona mwili mzima umeegemea mbele, yuko kwenye mwendo, singe imeelekezwa upande wa bandarini, na ile shaba imefinyangwa mpaka mikunjo ya nguo inaonekana inavutwa na mwendo wenyewe. Kaitengeneza Mwingereza anaitwa James Alexander Stevenson na ilizinduliwa 1927 kukumbuka Waafrika waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu. Kwenye kitako kuna maandishi, Kiswahili kipo, Kiingereza kipo, Kiarabu kipo, na yanawataja pia wapagazi kwamba ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi, na kambi yao ndo ilikuwa Kariakoo tunapoenda kununua vitenge. Maneno hayo yapo pale mjini kati, wazi, bure, na ukiwa kwenye gari huwezi kuyasoma hata neno moja.

Kitu ambacho mimi kinanigusa zaidi ni kwamba kabla ya huyu palikuwa na sanamu nyingine hapohapo. Wajerumani walimsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann, yeye yuko juu, na chini yake wakamweka askari wa Kiafrika anamtazama bosi kwa kuinua kichwa. Waingereza walipoteka mji 1916 wakaing'oa, baadae ikaishia Hamburg na wanafunzi wa chuo kikuu cha kule wakaiangusha 1968. Sasa fikiria, mahali palepale, kwanza Mwafrika yuko chini anatazama juu, halafu Mwafrika yuko juu peke yake na hakuna anayemtazama kwa kuinua kichwa. Najua na huyu wa pili waliomweka ni wakoloni vilevile na walikuwa na sababu zao, lakini mabadiliko ya pale juu na pale chini ni makubwa na unayapata kwa macho tu, ila usimame.

Wanaojua kumpangia mtazamaji mahali pake wapo. Nenda Unguja, pale Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873. Clara Sörnäs, msanii kutoka Sweden, kaweka watu watano ndani ya shimo la mraba, minyororo shingoni. Wewe uko juu kwenye ukingo, wao wako chini. Huna namna nyingine ya kuwaona isipokuwa kuwatazama kwa kuinama, kama mnunuzi alivyokuwa anawatazama, na hilo linauma kweli. Unazunguka lile shimo pande zote nne, na nyuso zao haziko sawa, kila mmoja na wake. Ungewapandisha juu ya nguzo ndefu ile kazi ingekufa.

Nairobi nako Dedan Kimathi wamemweka kwenye mtaa wenye jina lake, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, rasta zake. Watu wanapita kwa miguu karibu yake, wanapeana miadi pale, wanapiga selfi, na mimi sioni ubaya wowote wa selfi, mtu aliyesimama kupiga selfi angalau kasimama.

Makumbusho sasa, na hapa ndo nina hasira kidogo. Nimeingia makumbusho moja (sitaitaja) nikakuta ujamaa, kile kinyago cha Kimakonde, gogo moja la mpingo, watu wamepandana kuanzia chini mpaka juu, umesukumwa ukutani ndani ya kabati la kioo. Nusu ya watu hawaonekani! Ule ujamaa fundi kauchonga huku anaugeuza, kakaa chini kaushika kwa miguu, tezo, patasi, tupa, msasa, anageuza tena. Ukiona mkono umeshika bega unatakiwa uufuate uzunguke nyuma ukajue ni mkono wa nani, na mara nyingi ni wa bibi mmoja kule chini kabisa ambaye wote wamemkalia. Ukiuegesha ukutani umeukata mkono huo. Si suala la hela hata kidogo, ni kusogeza kabati mita moja na nusu mbele, basi. Kugusa naelewa kwa nini wanakataza, jasho la mikono linaharibu, ingawa Louvre kule Ufaransa wametenga ukumbi wenye nakala za sanamu ili watu wasioona wazisome kwa vidole, na mpingo sisi tunao, mafundi tunao, nakala tunaweza kuchonga wenyewe.

Kwa jiji ombi langu ni dogo. Pale kwa Askari wekeni kivuko cha waenda kwa miguu mpaka ndani ya kiplefti na benchi mbili tu. Wakati tunasubiri, nenda Jumapili asubuhi mapema magari yakiwa machache, anzia upande wa hoteli ya New Africa, zunguka taratibu mpaka umrudie usoni, halafu soma yale maandishi ya Kiswahili yote, na kama una mtoto nenda naye umsomee kwa sauti.