Gaidensi na bakora mkono mmoja?

Tarehe 10 Oktoba ikikaribia, ile siku ya afya ya akili duniani, baadhi ya shule hapa Mombasa huanza kupata wageni. Tisheti mpya, bango kubwa, mtu anashika maiki anawaambia watoto walopangwa juani ati "mkiwa na shida ongeeni", makofi, soda, picha, kwaheri tuonane mwakani. Soda sina ugomvi nayo. Mimi nauliza tu, waongee na nani?

Maana shule ninazozijua mimi, mwalimu wa gaidensi, yaani wa ushauri nasaha, ndo huyo huyo wa nidhamu. Asubuhi yuko getini na bakora anangojea walochelewa (na bakora ilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, sheria ya elimu ya 2013 ikakataza tena, lakini hiyo tuiache), halafu saa nne mtoto aende akamfungulie moyo mtu alomchapa saa moja unusu? Hata wewe mtu mzima hungeenda. Na ofisi yenyewe iko mlango kwa mlango na stafrumu, ukiingia tu shule nzima imejua.

Mtoto wa dadangu yuko gredi ya sita huko Kisauni. Kuna wakati kila Jumatatu asubuhi ilikuwa tumbo, tumbo, mamake kampa tangawizi, kampeleka hospitali vipimo safi, bibi akasema ni kijicho asomewe, akasomewa, Jumatatu tumbo likarudi. Kumbe kuna wasichana wakubwa walikuwa wakimngojea chooni wanamnyang'anya pesa ya viazi karai. Alogundua si gaidensi, ni mwalimu wake wa Kiswahili, aliona huyu mtoto mapumziko yote habanduki kwenye deski, basi akamwambia njoo unisaidie kubeba madaftari, wakawa wanatembea polepole tu akimuuliza mambo ya nyumbani, mambo ya paka, siku ya tatu mtoto akasema yote.

Hiyo kwangu mimi ndo programu. Haikuhitaji bango, ilihitaji mwalimu mwenye nafasi ya kutazama. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 50 hao ni saba hivi, na wengi wao hawapigi kelele, wamenyamaza tu kwa hivyo tunawaita wana adabu.

Kwa hivyo mwalimu wa gaidensi apunguziwe vipindi, bakora asiishike kabisa, apewe chumba mbali na stafrumu, na afunzwe kazi, sio kuteuliwa kwa sababu ni mama mpole. Na maustadhi wa madrasa nao waitwe, wao wanakaa na hawa watoto jioni na wikendi, wanaona mengi. Ikiwa shule imeshindwa kabisa, basi ile namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure, iandikwe mahali mtoto ataisoma bila kuonekana, nyuma ya mlango wa choo kwa mfano.

Mikutano yetu ya wazazi huisha tukigombania pesa ya lanchi na basi la tripu. Ule wa muhula ujao nitauliza mwalimu wetu wa gaidensi ana vipindi vingapi kwa wiki, na mzazi mwenzangu uliye Likoni ama Changamwe, kaulize na kwenu.